Barua ya wazi kwa Kamati ya Tamasha: turudishieni kambi na mkesha wa ngoma

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi,
Tamasha la ngoma za asili,
Nyanda za Juu Kusini.

YAH: HALI YA KAMBI YA MAHEMA NA KUPOTEA KWA MKESHA WA NGOMA

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Agosti mwaka jana nilileta barua kwa mkono ofisini kwenu, kurasa mbili, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Septemba nilipiga simu mara mbili. Mara ya pili niliambiwa faili liko mezani kwa mtu aliye safarini. Novemba nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la washiriki, na kabla jua halijazama nikawa nimeondolewa kundini. Sasa ni Machi. Mmeshaanza kutangaza tiketi za Julai, na ramani mliyoitoa inaonyesha kambi iko palepale bondeni. Nimepiga hodi uani mara tatu sikuitikiwa. Leo nabisha mlango wa mbele, na majirani wasikie.

Jina la tamasha sikulitaja, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Waliowahi kufika wanalijua. Asiyewahi kufika sitaki alijue kwa ubaya kwanza, maana nalipenda, na siku moja nataka naye aje.

Mimi na wenzangu sita tumelala katika kambi yenu mara tisa tangu mwaka 2016. Ni mwaka 2020 pekee hatukuja, kwa kuwa tamasha halikufanyika. Miongoni mwetu kuna mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, maseremala wawili, dereva wa lori, mkulima wa chai wa Mufindi, na mimi ninayeuza vitambaa Kariakoo. Tulijuana hapohapo kambini. Hakuna aliyekuja akiwa rafiki wa mwenzake. Sisi wa Dar hupanda basi saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Mikumi tukiwatazama pundamilia dirishani, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukaukwea mlima Kitonga taratibu nyuma ya malori ya Zambia, na giza linapoanza kuingia ndipo tunapigilia vigingi vya hema. Ni safari ya siku nzima, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nne za kufunga biashara. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nataka mjue kwamba mtu anayefanya hivyo mara tisa hafuati jukwaa tu. Jukwaa siku hizi naweza kuliona kwenye simu.

Tunafuata mkesha. Na kwa kuwa kamati ya sasa ina wajumbe wengi wapya, ambao huenda hawajawahi kulala pale, niruhusuni nieleze ulivyokuwa.

Kambi ilikuwa mlimani, chini ya miti ya miwati, mahali pakavu. Vikundi vya ngoma vililala pamoja nasi. Jukwaa lilifungwa saa nne usiku, na vikundi vikarudi kambini vikiwa bado vimevaa njuga. Ulizisikia zikija gizani kabla hujamwona mtu. Kila mmoja alitafuta moto, maana Julai kule baridi hukaza na asubuhi unakuta umande umeganda juu ya nyasi. Huyu anachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria iliyopigwa masizi, yule anafukia viazi kwenye majivu. Halafu mama mmoja wa Kigogo anaibana ngoma yake ya muheme katikati ya mapaja, anaigonga mara mbili tu, kama mtu anayebisha, na wenzake wanamwitikia kutoka upande wa pili wa moto. Vijana wa Nyasa, waliocheza mganda mchana wamenyooka kama askari, sasa wamelegea na wanajifunza kuitikia wimbo wa watu wengine. Mngoni anamwonyesha Msukuma hatua za lizombe, naye Msukuma anamlipa kwa bugobogobo, jembe la kuazima likiwa begani.

Jukwaani kila kikundi hupewa dakika kumi na tano. Kambini hakuna aliyeshika saa. Mwenzetu muuguzi alijifunza muheme pale, mwaka 2018, siku tatu usiku kucha, hadi viganja vikavimba. Leo anawafundisha mabinti wa mtaani kwake Mbagala kila Jumamosi. Hakuna darasa alilolipia wala cheti alichopewa. Alikaa karibu na mama aliyejua, akashikwa mkono.

Kuna matamasha ambayo hayahitaji kambi. Sauti za Busara, iliyoanza Zanzibar mwaka 2004, kwa miaka mingi imechezwa Ngome Kongwe, na muziki ukiisha mgeni hutembea dakika chache tu katika vichochoro vya Mji Mkongwe akafika kitandani. Bagamoyo nako nyumba za wageni zipo. Tamasha letu liko mashambani, na mji wa karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Kwa hiyo kambi yetu ni sehemu ya tamasha sawasawa na jukwaa, na yaliyotokea kambini mwaka jana yalilitokea tamasha lenyewe. Yalikuwa haya:

1. Kambi ilihamishiwa bondeni.

Kule mlimani chini ya miwati mliweka mahema 12 makubwa ya wageni maalumu, yenye vitanda. Sisi tukapelekwa bondeni kando ya kijito. Mtu yeyote wa kule angewaambieni kwamba Julai hewa ya baridi hushuka na kutuama bondeni usiku, na ukungu hautoki hadi saa tatu asubuhi. Mablanketi yetu yalilowa bila mvua kunyesha. Ardhi ilikuwa tope jeusi, vigingi havikushika, na hema la mwalimu liliangushwa mara mbili na watu waliojikwaa kwenye kamba, kwa sababu mahema yalibanana kamba juu ya kamba. Sina kinyongo na wageni maalumu, nao walilipa. Ila usiku wa Jumamosi nilihesabu mahema yenye taa kule juu yakawa matatu. Mlima mzima ulikaa kimya, sisi tukiwa tumelundikana tope.

2. Vikundi vilitenganishwa na watazamaji.

Wachezaji mlienda kuwalaza katika madarasa ya shule ya msingi, kilomita 3 kutoka uwanjani, na gari la kuwapeleka liliondoka mara tu jukwaa lilipofungwa. Lango la kambi nalo likafungwa saa nne usiku, na asiye na utepe wa rangi ya kambi akazuiwa kuingia. Waliosafiri siku mbili kutoka Mara na Mtwara wakaja, wakacheza dakika zao kumi na tano, wakapakiwa garini. Binti mmoja wa kikundi cha sindimba aliniuliza asubuhi kupitia waya wa uzio kama ni kweli zamani watu walikuwa wanakesha. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Nilimjibu kwamba ni kweli, na nikaona haya, kana kwamba kosa lilikuwa langu.

3. Spika za mfadhili ziliwekwa kambini.

Hapa naomba mnivumilie, nitasema kwa urefu.

Banda la kinywaji la mfadhili lilijengwa ukingoni mwa kambi, likiwa na spika mbili zilizopangwa kwenda juu kama ghorofa. Nilipima kwa miguu: hatua 80 kutoka hema letu. Muziki ulianza saa nne usiku, palepale jukwaa lilipofungwa, ukaendelea hadi saa kumi alfajiri, Ijumaa na Jumamosi. Muziki wenyewe silalamikii. Singeli naicheza, ni ngoma ya uswahilini kwetu, imezaliwa mitaani kwa watu wasio na kitu, na ina haki ya kuwa na jukwaa lake. Nalalamikia mahali na saa.

Kuna mzee wa Kigogo ambaye kambi nzima humwita Babu wa Zeze. Ijumaa ile alikataa kupanda gari la shuleni, akaja kambini mapema kabla lango halijafungwa, akitembea na fimbo yake, zeze likiwa limeviringishwa ndani ya shuka. Akakaa mahali ambapo alidhani moto ungewashwa. Tukamsogelea, labda watu kumi na watano. Alilitoa zeze polepole kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ni zeze la nyuzi mbili, kibuyu chake kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Akapaka utomvu kwenye uzi wa upinde, akauvuta. Mkono niliuona ukienda na kurudi, lakini sauti sikuisikia, nami nilikuwa nimekaa mbali naye kwa kiasi cha mkeka mmoja. Akainamisha kichwa hadi sikio likagusa kibuyu. Akakaza uzi mmoja, akavuta tena. Akalegeza, akavuta mara ya tatu. Kisha akainua macho akazitazama zile spika kwa kitambo, bila hasira yoyote. Akalirudisha zeze ndani ya shuka na kusema, "Leo halisemi."

Asubuhi aliondoka na gari la kwanza la kwenda Makambako. Zamu yake jukwaani ilikuwa Jumapili. Mtangazaji alipomwita na asionekane, aliitwa aliyefuata katika orodha, basi.

Ndugu Wajumbe, ninyi mnaufahamu muziki huu kuliko mimi. Mnajua kwamba marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya, zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, vikasikika kwa maelfu ya watu mara moja. Lakini ala hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa karibu. Ndani ya zeze kuna mkwaruzo mdogo wa upinde kabla noti haijatoka, na kuna pumzi ya mpigaji anapoimba chini chini kuufuata uzi. Mambo hayo hakuna kipaza sauti kinachoyaleta sawasawa. Nilikuja kuyajua nikiwa na miaka thelathini na minne, mwaka wangu wa kwanza kambini, nimekaa magoti yakigusana na ya mzee huyuhuyu. Huwa hapigi wimbo uleule mara mbili. Huanza kwa kuwatazama waliouzunguka moto, halafu anawaimba: huyu aliyetoka pwani amevaa koti la kuazima, yule anayesinzia. Usiku ule aliniimba mimi. Hayo ndiyo yaliyozimwa na spika za kinywaji.

4. Moto ulipigwa marufuku bila kuweka kitu mbadala.

Hofu ya moto naielewa. Kiangazi nyasi zimekauka, mashamba ya mipaina hayako mbali, na cheche moja inatosha. Lakini mliweka kibao cha katazo, mkaondoka. Watu 400 mliwaacha bondeni kwenye baridi ile. Saa saba usiku vijana wa hema la jirani, wanafunzi wa chuo, waliingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga zipu. Muuguzi wetu alinusa mkaa, akaamka, akaenda kuwafungulia na kulitoa jiko nje kwa mikono yake. Wawili walikuwa tayari wanalalamika vichwa vinauma. Moshi wa mkaa ndani ya mahali palipofungwa una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu huipata usingizini asiamke. Tamasha lenu lilikuwa karibu kuzika wanafunzi wanne, na sidhani kama kuna mjumbe hata mmoja aliyepata taarifa hiyo hadi leo anaposoma hapa. Niliiandika katika barua ya Agosti, ukurasa wa pili.

Moto mmoja mkubwa ulio wazi, ndani ya shimo, unaolindwa na watu, ni salama kuliko majiko ishirini yaliyofichwa.

5. Vyoo, maji na taa.

Ijumaa jioni nilihesabu mahema 143. Vyoo vilikuwa matundu 6, ya wanawake na wanaume pamoja. Bomba lilikuwa moja, na Jumamosi lilikauka saa tano asubuhi, likarudi jioni. Mashirika ya misaada yana mwongozo uitwao Sphere, wanaoutumia wanapopokea wakimbizi na walioathirika na majanga. Unataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, choo kimoja watu wasiozidi 20, kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na pale watu wanapolala, na vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, vitatu kwa kimoja. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa mtu aliyekimbia vita bila chochote. Sisi tulilipa, na kwa kiwango hicho tulipaswa kuwa na matundu 20. Kuhusu maji, tangi moja la lita 5,000 likijazwa mara mbili kwa siku lingetosha na kubaki.

Usiku wa Jumamosi foleni ya choo ilikuwa ndefu, na binti wa muuguzi, mwenye miaka tisa, hakuweza kungoja. Mama yake akampeleka kichakani. Njia nzima haikuwa na taa hata moja. Mtoto akatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa kupitishia nyaya za spika, ukaachwa wazi, na ukingo wa bati ukamchana muundi wa mguu kwa urefu wa kidole changu. Tulimbeba hadi hema la huduma ya kwanza. Zipu ilikuwa imefungwa; ndani meza, boksi la glovu, na hakuna mtu. Mama yake alimsafisha kwa maji yetu ya kunywa na kumfunga kwa kipande cha khanga, mimi nikimulika kwa simu. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama asubuhi ataweza kucheza. Asubuhi alishonwa nyuzi tano zahanati, tukarudi Dar siku hiyohiyo.

6. Picha.

Desemba niliona tangazo la mfadhili likiwa na video ya akina mama wa muheme wakicheza kambini miaka ya nyuma. Nimeongea na wawili kati yao. Hawakuombwa ruhusa wala kulipwa. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi. Tafadhali lichunguzeni jambo hili.

Ndugu Mwenyekiti, majibu mtakayotoa nayajua, mengine nimeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema fedha hazitoshi, na mfadhili akiondoka tamasha litakufa. Sijaomba mfadhili aondoke. Banda lake linaweza kukaa upande wa pili wa jukwaa, karibu na maegesho, ambako wanaotaka kucheza hadi usiku watalifuata. Na kuhusu fedha, tupige hesabu pamoja. Ada ya kambi ilikuwa shilingi 15,000 kwa mtu, mwaka jana ikawa 35,000. Watu 400 kwa ada ya zamani ni shilingi milioni 6. Kwa ada mpya ni milioni 14. Hata kama nilihesabu vibaya na tulikuwa wachache zaidi, ongezeko ni kubwa, na kambini sikuona lilikokwenda. Ninaomba mtuonyeshe.

Mtasema vijana wanataka muziki wa usiku. Wapo wanaoutaka, na wana haki. Lakini walionizunguka nikimtazama Babu wa Zeze wengi wao walikuwa chini ya miaka thelathini. Mmoja alikuwa ameweka simu yake chini ya kibuyu ili anase sauti, na aliposikiliza baadaye alisikia spika tu.

Mtasema mmewalaza wazee darasani kwa kuwahurumia, wapate paa. Hilo ni jema, na anayelitaka alipate, tena apewe godoro na blanketi la maana, kwa sababu mwaka jana shuleni waliona mikeka juu ya sakafu ya saruji. Ila waulizeni kwanza. Hakuna kikundi hata kimoja kati ya vinne nilivyozungumza navyo kilichoulizwa kinataka kulala wapi.

Mtasema ni usalama. Mimi nasema usalama una taa, una mtu aliye macho ndani ya hema la huduma ya kwanza, na una nafasi angalau ya mita 2 kati ya hema na hema ili moto usiruke na mtu apite. Lango lenye kufuli na watu 400 ndani yake, bila njia ya pili ya kutokea, linanitisha kuliko kitu kingine chochote nilichokiona pale.

Na yupo mmoja ofisini kwenu aliyeniambia kwa simu kwamba asiyeridhika asije. Sitamtaja, na sina hakika kama alisema kwa niaba yenu. Kama ndivyo kamati inavyoona, basi tuambieni kwa maandishi. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wanazungumzia viingilio, na sisi kila mwaka tumekuja na mikono yetu. Uzio wa jukwaa wa mwaka 2019 ulitengenezwa na maseremala wetu wawili, bure, siku moja kabla ya ufunguzi.

Tunachoomba ni haya:

(a) Kambi irudi mlimani chini ya miwati. Mahema ya wageni maalumu yanaweza kukaa pembeni. Nafasi ipo, tumeipima.

(b) Vikundi vichague vyenyewe kulala kambini au shuleni, na gari la shuleni lifanye safari ya pili saa saba usiku kwa wanaotaka kukesha kwanza.

(c) Spika zote za biashara ziwe upande wa pili wa jukwaa na zizimwe saa sita usiku.

(d) Uwepo moto mmoja wa pamoja, ndani ya shimo, ukizungukwa na ukanda uliolimwa, pawe na ndoo za mchanga na walinzi wa zamu. Majiko ya mkaa ndani ya mahema yakatazwe, na watu waelezwe sababu.

(e) Vyoo 20, vingi viwe vya wanawake, taa njiani, tangi la maji, mitaro yote ifukiwe, na hema la huduma ya kwanza liwe na mtu usiku na mchana.

(f) Mapato na matumizi ya ada ya kambi yabandikwe ubaoni, na wakaaji wa kambi wawe na mjumbe mmoja kwenye kamati.

Kazi hatuwaachii ninyi peke yenu. Maseremala watajenga vyumba vya vyoo mkitupa mbao. Muuguzi yuko tayari kushika zamu ya usiku kwa siku zote tatu. Dereva atabeba tangi kutoka Iringa bila kudai malipo. Mimi nitaleta turubai. Mkulima wetu wa Mufindi ameahidi kuni za miwati na kukaa na moto mpaka uzimike kabisa. Watu wengine 61 waliolala bondeni mwaka jana wameisoma barua hii kabla haijatoka na wameikubali. Majina yao ninayo, nitayaleta siku mtakaponiita.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Aprili, ili wanaotoka mbali wajue kama wanunue tiketi.

Jambo la mwisho. Nauli ya Babu wa Zeze ya kuja na kurudi tumeshaichanga. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumweleza. Alishukuru, akauliza habari za mguu wa mtoto, kisha akauliza mwaka huu kambi itakuwa wapi. Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia nitawauliza ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkaaji wa kambi tangu mwaka 2016,
kwa niaba ya wenzake sita,
Dar es Salaam, Machi 2026.

Nakala: Ofisa Utamaduni wa Wilaya.
Nakala: Viongozi wa vikundi vya ngoma vinavyoshiriki.